Msitu wa Kahuzi-Biega na somo la uraia wa dunia

Siku hizi sisi walimu wa sekondari tunaombwa kufundisha vijana maendeleo endelevu na uraia wa dunia. Maneno ni mazuri, lakini yakibaki ubaoni, mtoto anayaandika tu juu ya mtihani. Kwetu Kivu ya Kusini afazali kuanzia kwa msitu wetu. Toka Bukavu mpaka Tshivanga, kwenye mlango wa parke, hata kilometa 40 hazifiki.

Serikali ya ukoloni ililinda msitu huo tangu mwaka 1937. Mwaka 1970 ukawa parke ya taifa, hektari 60 000. Mwaka 1975 parke ikapanuliwa mara kumi. Mwaka 1980 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia, zaidi juu ya gorila, na toka 1997 ikaitia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Hayo vijana wanayashika upesi. Shida inaanza tukiwaambia kama mule ndani mlikuwa watu. Batwa waliishi humo kwa kuwinda, kuvuna asali na kuchuma dawa. Wafu wao wamezikwa humo. Walitolewa miaka ya 70, bila kupewa udongo mwingine, na wengi wakabaki kulima mashamba ya wengine kwa mshahara mdogo. Hapo swali linatoka nyuma ya darasa: « Mwalimu, urithi ni wa dunia, sasa Batwa hawako wa dunia? » Hatuoni sababu ya kulikimbia swali hilo. Linafundisha uraia kuliko kurasa kumi za programu. Tunawaambia pia kama sheria ya Julai 2022 inalinda haki za Pygmées katika inchi yetu, na kama mwaka 2024 Komisiyo ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba Serikali ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Sheria kwenye karatasi na maisha kijijini ni vitu viwili, vijana wanajua.

Halafu kuna coltan. Mwaka 2000 bei yake ilipanda sana katika soko la dunia, kwa kuwa tantale inayotoka humo inatumikishwa katika telefone na mashine zingine. Wachimbaji wakaingia parke upande wa mabondeni. Walikula nyama ya porini, na gorila na tembo wakauawa wengi. Ni kusema mtu wa mbali aliyenunua telefone aligusa msitu wetu bila kujua. Na sisi wenye telefone mfukoni vilevile.

Makala nayo tusiyasahau. Ukimwambia mtoto asikate mti, anauliza mama atapika na nini. Ni swali la haki, na wakubwa wa inchi hawajalijibu.

Kazi ya nyumbani tunayopenda kutoa ni hii: nenda kwa mzee, Mutwa akipatikana, umuulize majina ya miti na kazi ya kila mti. Kuna kijana anarudi na majina kumi na mbili, na sisi mbele ya darasa tunajua tatu tu.