Aliyeandikwa wa kwanza Rungwe alikuwa mwanamke

Mwaka huu inatimia miaka 135 tangu wamisionari wa Moravian wafike chini ya Mlima Rungwe, mwaka 1891, wakiwa wametoka Herrnhut, mji mdogo wa Saxony huko Ujerumani. Mmoja wao, Georg Martin, hakufika na wenzake mwisho wa safari. Alifariki dunia mwaka uleule. Walibaki Theodor Meyer na wenzake, wakajenga, wakajifunza Kinyakyusa, wakangoja. Miaka sita ikapita bila mtu hata mmoja kubatizwa.

Mwaka 1897 alibatizwa wa kwanza, naye alikuwa mwanamke. Alipewa jina la Numwagile. Ajuaye Kinyakyusa hahitaji kutafsiriwa. Kwa asiyejua, maana yake ni "nimempata".

Kumbukumbu ya mwaka huu imenirudisha kwa mama huyo kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana wa kwetu, hasa walio Dar es Salaam na ng'ambo: nitampataje babu wa babu yangu, aliyeishi Rungwe miaka ya 1800? Wengi huanza kwa kutafuta sensa. Wameona wenzao Uingereza wakifungua orodha za mwaka 1841, za kwanza kule kuandika majina ya watu wote wa nyumba, wakimkuta babu yao ni fundi viatu, ana mke na watoto watano, na jina la mtaa wake lipo. Orodha hizo hufungwa kwa miaka 100 kisha huachiwa umma. Za mwaka 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Marekani hungoja miaka 72, na za 1950 zilitoka Aprili 2022.

Kwetu mlango huo haupo. Rungwe ya karne ya kumi na tisa haikuhesabiwa kwa majina. Hesabu ya kwanza ya watu inayokubalika kuwa ya kisasa katika Tanganyika ni ya mwaka 1948, na kilichobaki mikononi mwa umma, kuanzia hiyo hadi ya Agosti 2022, ni jumla. Tunajua wilaya ya Rungwe ilikuwa na watu 307,270 mwaka 2002 na 339,157 mwaka 2012. Hatuwezi kufungua dodoso la kaya moja, kwa kuwa sheria ya takwimu inamlinda aliyehojiwa, na ni haki imlinde. Hata kabila halijaulizwa tena tangu sensa ya 1967. Anayemtafuta babu yake katika sensa za Tanzania atakuta umati ambao hauna uso hata mmoja.

Wajerumani walihesabu, lakini walihesabu vibanda. Kodi ya kibanda ilitangazwa mwishoni mwa 1897 chini ya Gavana Liebert, rupia tatu kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Karani alipopita aliona mlango, akaandika mlango. Mnyakyusa mwenye wake wanne alikuwa na nyumba nne, kila mke na yake katikati ya migomba, na karani alikuwa na jina moja: la mume. Waingereza walipochukua nchi wakaja na kodi ya kichwa, na kwa mwenye wake wengi wakaongeza kitu juu. Wake wakaingia katika daftari la serikali kama idadi. Ndiyo maana namrudia Numwagile. Serikali ilipokuwa inatangaza kuhesabu milango, kitabu cha kanisa kilikuwa kimeanza kuandika mtu, na mtu huyo alikuwa mama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: acha sensa, nenda kwenye kitabu cha ubatizo. Rungwe ni ya 1891. Ipyana, ambayo leo iko Kyela, na Rutenganyo zilifuata mwaka 1894. Upande wa mashariki walikuwepo Walutheri wa Berlin, walioongozwa na Alexander Merensky, nao walifika mwaka huohuo wa 1891 wakaanzisha kituo walichokiita Wangemannshöhe, na baadaye kingine cha Manow. Misheni hizo mbili ziligawana nchi, Wamoravian magharibi, Waberlin mashariki. Kwa mtafutaji wa ukoo mgawanyo huo ni dira. Ukijua kwenu ni Mwakaleli hutapoteza muda kwenye vitabu vya Moravian, na ukijua kwenu ni Kyimbila hutahangaika na vya Berlin.

Kuna mitego. Wa kwanza ni tahajia. Mjerumani alisikia Mwa- mwanzoni mwa jina la ukoo akaandika Mua-. Nchi aliiita Konde, na mji wa Tukuyu aliuita Neu-Langenburg, kwa kuwa boma la kwanza la Langenburg lilikuwa chini, kando ya Ziwa Nyasa. Ukitafuta "Mnyakyusa wa Tukuyu" katika nyaraka za mwaka 1905 hutamwona, kwa sababu pale yeye ni Mkonde wa Langenburg. Wa pili ni vita. Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland, wamisionari wa Kijerumani wakachukuliwa mateka, na hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Walimu wa Kiafrika ndio waliobeba makanisa kipindi hicho, chini ya uangalizi wa Waskoti wa Livingstonia. Kama bibi yako alizaliwa miaka hiyo na hayumo kitabuni, usikate tamaa haraka.

Wa tatu ni majina yenyewe, nao una utamu wake. Wanyakyusa wengi walipobatizwa walichukua majina ya lugha yao: Atupele, ametupa, Tusajigwe, tumebarikiwa, Angetile, ameniangalia, Gwakisa, wa huruma. Ni majina mazuri kuliko yote ninayoyajua, na ni kero kubwa kwa mtafutaji, maana kila kijiji kina Atupele watano. Kinachowatenganisha ni Mwa-, yaani "mwana wa". Jina la Mwakyusa lina Kyusa ndani yake, na husemwa kwamba huko ndiko kabila zima lilikotoa jina lake. Kila aitwaye Mwa- anatembea na babu mmoja kwenye kitambulisho chake, hata kama hajui babu huyo aliishi lini.

Ili kujua aliishi lini, wazee wana saa yao, nayo ni ubusoka. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo ugomvi mkubwa wa koo za Rungwe ulipoanzia, na wengi wanaochora miti ya ukoo leo wanakanyaga juu yake bila kujua.

Kabla ya wakoloni Wanyakyusa hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na zaidi ya machifu 100, kila malafyale, yaani chifu, na nchi yake, nyingine ndogo mno. Mara moja katika kila kizazi, yapata miaka thelathini na kitu, wazee walikabidhi nchi kwa wana wao. Hiyo ndiyo ubusoka, kutoka. Vijana waliokuwa wakiishi katika vijiji vya rika lao walitambuliwa kuwa wenye nchi. Miti ilipandwa. Na chifu hakutoa mrithi mmoja, alitoa wawili, wana wa wake zake wawili wakuu, kila mmoja akachukua upande wake. Nchi moja ikawa mbili. Kizazi kilichofuata, kama ardhi iliruhusu, mbili zikawa nne. Kwa hiyo mzee akikwambia babu yako alizaliwa kabla ya ubusoka wa fulani, amekupa tarehe. Hesabu ubusoka kurudi nyuma, utafika miaka ya 1860, hata ya 1830, bila karatasi yoyote.

Hayo ninayoyaeleza yaliandikwa vizuri kuliko popote na Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey kati ya 1935 na 1938. Nimemtegemea sana katika makala hii. Lakini kuna jambo ambalo kitabu chake mashuhuri cha 1951, *Good Company*, hakilipi uzito ninaoupa mimi: wakati Wilson na mumewe wanafika na daftari zao, nasaba za Rungwe zilikuwa zimeshatikiswa na serikali.

Gavana Donald Cameron alifika Tanganyika mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikatoka sheria ya utawala wa wenyeji. Serikali ilitaka kutawala kupitia machifu, na ilitaka machifu wachache, wenye ngazi, mmoja juu ya mwenzake. Rungwe haikuwa hivyo. Afisa wa wilaya alipouliza nani mkubwa, alikuwa anauliza swali ambalo ubusoka ulilijibu kwa kugawa. Ndugu wawili waliotoka siku moja, na wajukuu wao baada ya vizazi vitatu, sasa walitakiwa mmoja awe na baraza, mahakama na mshahara, mwingine awe chini yake. Ushahidi uliotakiwa ulikuwa ni nasaba: nani mwana wa mke wa kwanza, babu wa nani alitoka kulia, wa nani kushoto.

Tafakari uzito wa jambo hilo kwa familia. Jina la bibi mkuu, ambaye karani wa kodi hakuwa na haja naye, ghafla ndilo lililoamua mshahara. Orodha za mababu zikasemwa mbele ya meza ya boma, karani akaandika, na kilichoandikwa kikawa ndicho. Aliyeachwa nje akabaki na nasaba yake mdomoni. Ndiyo maana hadi leo koo mbili za Rungwe zinaweza kukupa miti miwili ya babu mmoja, na kila upande ukakuapia. Simlaumu yeyote kati yao. Namlaumu aliyelazimisha mto wenye matawi mengi upite kwenye bomba moja. Kitabu cha Wilaya ya Rungwe cha maafisa wa Kiingereza kina thamani kubwa, lakini kisome ukijua kwamba waliosimulia hawakuwa wanasimulia hadithi. Walikuwa wanadai haki yao.

Uchifu wa kiserikali ulifutwa mwaka 1963. Vijiji vya ujamaa vikaja, watu wakahama, Kyela ikawa wilaya yenyewe, na baadaye Busokelo ikapata halmashauri yake. Kwa mtafutaji maana yake ni moja: rekodi za familia moja sasa zinaweza kuwa katika ofisi tatu.

Na nyingine haziko nchini kabisa. Karatasi za Wilson ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Humo kuna kazi ya kijana wetu, Leonard Mwaisumo, karani aliyewatafsiria, akawaandikia maelezo ya maisha, na kuwafungulia milango ambayo Mzungu asingefunguliwa. Alizaliwa 1910, akafariki 1938, miaka 28 tu. Bila yeye nusu ya tunachokijua kuhusu mababu wa Rungwe kisingekuwepo, na sijui mtaa mmoja Tukuyu wenye jina lake. Aprili 2021 moto ulipounguza maktaba ya Jagger ya chuo hicho, nilikaa usiku mzima nafuatilia habari. Naona aibu kwamba Mnyakyusa anakosa usingizi kwa ajili ya moto wa Cape Town, wakati majina hayo yangeweza kuwa na nakala Tukuyu tangu zamani.

Barua na taarifa za wamisionari ziko Herrnhut. Wamoravian wana desturi ya kale kwamba kila mtu aache maelezo ya maisha yake, yasomwe siku ya mazishi yake. Desturi hiyo ndiyo iliyomfanya Elise Kootz-Kretschmer, aliyekaa Utengule kwa Wasafwa, aandike maisha ya watu ambao hakuna daftari lingewaandika: Narwimba, Chisi, Msatulwa Mwachitete. Wengine wao waliwahi kutekwa na kuuzwa katika miaka ya biashara ya watumwa kati ya maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Mwanahistoria Marcia Wright aliwatoa tena kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, lugha ya wajukuu wao, bado nasubiri.

Ninachoomba si kikubwa. Vitabu vya ubatizo vya Rungwe na Manow vipigwe picha, ukurasa kwa ukurasa, kabla mvua za Rungwe, ambazo kila mtu wa Tukuyu anazijua, hazijamaliza kazi yake. Nakala za nasaba zilizoko Cape Town na Herrnhut ziombwe rasmi. Kijana mmoja mwenye simu na subira anaweza kuanza wiki hii.

Mwenyewe nilianza na shangazi yangu, tukiwa tumekaa kwenye migomba nyuma ya nyumba, yeye akimenya ndizi za jioni. Nilimwomba anitajie kurudi nyuma. Alitaja baba yake, babu, baba wa babu, bila kusita, wote Mwa-. Alipofika wa tano akaweka kisu chini, akaniambia kwamba huyu alitoka katika ubusoka uleule na yule wa ng'ambo ya mto, ndiyo maana hatuoani nao. Kisha nikamuuliza mama yake aliitwa nani. Shangazi alinyamaza muda mrefu, akasema nikamuulize dada yake mkubwa, aliyeko Masoko, na niende kabla ya mvua.

Nakwenda Jumamosi.