Bodi Inayobonyea: Historia ya Usalama katika Saluni za Kifahari

Hadi miaka ya 1950, wanunuzi wengi, na hata baadhi ya wahandisi, waliamini kuwa gari salama ni gari gumu, na kwa imani hiyo saluni za kifahari za Ulaya na Marekani ziliundwa kwa vyuma vizito ambavyo baada ya ajali viliweza kubaki karibu vizima huku waliokuwemo ndani wakiwa wamekufa au wamevunjika vibaya. Aliyeipinga imani hiyo kwa hoja za kihandisi alikuwa Béla Barényi, mzaliwa wa Austria wa mwaka 1907, aliyejiunga mwaka 1939 na kampuni ya Daimler-Benz ya Ujerumani, iliyotengeneza magari ya Mercedes-Benz. Barényi alieleza kwamba nishati mwendo, yaani nishati inayobebwa na kitu kwa sababu kinakwenda, haitoweki gari linapogonga ukuta, bali hutafuta mahali pa kuishia. Bodi ikikataa kuipokea, huishia katika kifua, shingo na kichwa cha abiria. Kwa hiyo alitaka gari ligawanywe sehemu tatu: katikati kiwe chumba cha abiria kisichopinda kwa urahisi, na mbele na nyuma ziwe sehemu zinazobonyea hatua kwa hatua, ili mwili wa binadamu usimamishwe kwa muda mrefu kidogo zaidi, hata kama nyongeza hiyo ni sehemu ndogo tu ya sekunde.

Mwaka 1951 aliliombea wazo hilo hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, na mwaka 1959 likaingia barabarani kwa mara ya kwanza katika saluni ya Mercedes-Benz iliyojulikana kiwandani kwa namba W111, ambayo ni mmoja wa wazazi wa familia ya magari yanayoitwa leo S-Class. Tarehe 10 Septemba ya mwaka huohuo, huko Sindelfingen karibu na Stuttgart, kampuni hiyo ilifanya jaribio lake la kwanza la kugongesha gari kwa makusudi ili kupima linavyovunjika, na kuanzia mwaka 1962 magari ya majaribio yalisukumwa hadi kwenye kizuizi kwa roketi iliyojazwa maji ya moto yenye shinikizo kubwa, ili kulifikisha gari lisilo na dereva kwenye mwendo uliotakiwa. Vifaa hivyo vinaweza kuonekana duni mbele ya maabara za leo, lakini hapo ndipo usalama ulipoacha kuwa maneno ya tangazo la biashara ukawa jambo linalopimwa.

Mwaka huo wa 1959 ulizaa pia uvumbuzi mwingine, na haukutoka kwenye gari la tajiri. Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden aliyewahi kubuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege za kivita katika kampuni ya Saab, aliajiriwa na Volvo mwaka 1958 na kukuta mikanda ya wakati huo ikiwa na kasoro kubwa, kwani mingi ilifungwa mbele ya tumbo na wakati wa ajali iliweza kuumiza viungo vya ndani. Bohlin aliunganisha mkanda wa kiunoni na wa kifuani katika pointi tatu, kifungio akakishusha kando ya nyonga, na kufanya yote yafungwe kwa mkono mmoja. Volvo iliuweka mkanda huo kwanza katika magari yake ya kawaida ya familia, kisha ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Katika historia yote ya usalama wa magari ni vigumu kupata uamuzi wa kibiashara ulioheshimu uhai wa binadamu kuliko huo, na ni kwa kipimo chake ndipo inapofaa kuzipima teknolojia zote zilizofuata katika magari ya bei kubwa.

Teknolojia ya kwanza kati ya hizo ni breki za ABS. Dereva anapokanyaga breki kwa nguvu juu ya lami iliyolowa, magurudumu hujifunga, tairi huteleza badala ya kushika, na usukani haugeuzi gari tena kwa kuwa gurudumu lisilozunguka haliwezi kuelekezwa. Mfumo uliobuniwa na kampuni ya Bosch pamoja na Daimler-Benz, na kutolewa katika S-Class ya mwaka 1978, uliweka sensa katika magurudumu na kompyuta ndogo ambayo, ikihisi gurudumu linakaribia kujifunga, huiachia breki na kuikamata tena mara nyingi kwa sekunde moja, ili dereva aweze kukwepa huku akiendelea kukanyaga. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani katika ndege, na Wamarekani walikuwa wameliuza kwenye Imperial ya kampuni ya Chrysler tangu mwaka 1971, ila ni kompyuta ya mwaka 1978 iliyolifanya lienee. Hata hivyo watengenezaji wa Ulaya waliahidi kuifanya ABS kuwa kifaa cha kawaida katika magari yao yote kufikia mwaka 2004 tu, robo karne baadaye.

Mfuko wa hewa una historia yenye mvutano zaidi. General Motors iliuuza katika baadhi ya magari yake makubwa katikati ya miaka ya 1970, kisha ikauacha. Nchini Marekani wengi walitarajia kwamba ungechukua nafasi ya mkanda, kwa kuwa madereva wengi hawakuwa wakiufunga. Wahandisi wa Daimler-Benz walipouleta katika S-Class mwishoni mwa mwaka 1980 waliushikilia msimamo tofauti: mfuko ni msaidizi wa mkanda, na pamoja nao waliweka kifaa kinachouvuta mkanda ukaze mara tu ajali inapoanza. Msimamo huo ndio uliothibitika kuwa sahihi, kwa sababu mfuko hujaa gesi ndani ya takribani milisekunde 30, yaani sehemu 30 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, na mtu asiyefunga mkanda anaweza kuwa ameshaufikia kabla haujajaa, akapigwa na kifaa kilichokusudiwa kumwokoa.

Tangu hapo ushindani ulipamba moto na kila kampuni ikawa na tabia yake. Volvo iligeukia ajali za ubavuni, na mwaka 1994 ikatoa mfuko wa hewa wa pembeni. BMW ikafuata mwaka 1997 kwa mfuko wa kulinda kichwa katika saluni yake ya 7 Series. Audi mwaka 1994 ilijenga A8 yake kwa fremu ya alumini. Wajapani hawakubaki nyuma. Mwaka 1995, Mercedes-Benz ilipotoa ESP, mfumo unaofunga breki ya gurudumu mojamoja ili kulirudisha gari linaloanza kuserereka kwenye kona, Toyota ilikuwa na mfumo wa aina hiyohiyo katika Crown Majesta. Na Honda mwaka 2003 ilikuwa ya mbele kwa kuliruhusu gari lijifungie breki lenyewe rada inapoona ajali haiepukiki.

Historia ya ESP yenyewe inafunza mengi. Kwa miaka miwili ilibaki kuwa kifaa cha magari ya bei ya juu, hadi Oktoba 1997 Mercedes-Benz A-Class, gari dogo la bei nafuu kuliko ndugu zake, lilipopinduka nchini Sweden katika jaribio la waandishi wa habari la kukwepa kizuizi cha ghafla barabarani. Kampuni ilisimamisha mauzo, ikarekebisha gari hilo na kulifunga ESP kila moja bila kumwongezea mnunuzi gharama. Aibu ya wazi ilifanya kwa miezi michache kazi ambayo soko lingeifanya kwa miaka mingi, na sheria ilichelewa zaidi ya hapo, kwani Umoja wa Ulaya uliilazimisha ESP katika magari yote mapya mwaka 2014.

Saluni za leo zinaendeleza mantiki ya Barényi kwa njia ambazo mwenyewe hakuziona. Audi A8 ya mwaka 2017 na S-Class ya mwaka 2020 zina mifumo inayoweza kuinua bodi kwa hadi milimita 80 pale sensa zinapoona gari jingine likija ubavuni, ili pigo liipate sehemu ya chini iliyo ngumu badala ya mlango. Ahadi ya gari kujiendesha imekwenda polepole zaidi: Audi iliitangaza kwa A8 ikaiacha mwaka 2020, na Mercedes-Benz iliyopata kibali nchini Ujerumani mwishoni mwa 2021 iliruhusiwa mwanzoni kwenye barabara kuu peke yake, kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Kati ya mambo hayo mawili, bodi inayojiinua inastahili heshima kubwa zaidi, kwa kuwa inamlinda abiria bila kumtaka dereva aamini kitu asichokielewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Afrika Mashariki imo humo, na magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam ni yaliyokwisha tumika Japani na kwingineko, yakiwa na ABS na mifuko ya hewa ambayo huenda ilishafumuka, ikatolewa na kufunikwa tu. Mnunuzi aangalie taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi: swichi inapofunguliwa inapaswa kuwaka na kuzimika baada ya sekunde chache. Ikibaki imewaka, au isipowaka kabisa, gari hilo lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia kabla fedha hazijalipwa.