Safu ya Lugha: Kisasa na Usasa

Mafundi seremala wa mtaa wa Kware hutangaza “makochi ya kisasa”, na humo utakuta kochi lenye miguu ya mbao iliyochongoka na kutanuka nje, mgongo mfupi, bila nakshi. Mtindo huo ulishamiri Marekani na Skandinavia miaka ya 1950. Kuuita wa kisasa kunampotosha mnunuzi. Kisasa limetokana na sasa, hivyo hubadilika na wakati: kilichokuwa cha kisasa mwaka 1955 leo ni cha zamani. Mamboleo nalo, tulilolizoea tangu gazeti la Mambo Leo lianze Dar es Salaam mwaka 1923, hufuata wakati vilevile.

Usasa ni neno jingine. Wahakiki wa fasihi hulitumia kutaja vuguvugu la sanaa la karne ya 20, nalo lafaa pia kwa majengo na samani. Hoteli ya Oceanic ya Mombasa, iliyosanifiwa na Mjerumani Ernst May miaka ya 1950, ilikuwa jengo la usasa. Basi fundi, andika “kochi la mtindo wa usasa”, au waziwazi, “mtindo wa miaka ya hamsini”. Kisasa tukiwekee kinachobuniwa leo, hata hapo Kware.