Lugha ya Sala Unguja, 1864–1897

Katika mwaka wa 1864 Askofu William Tozer na Padre Edward Steere, wa misheni ya Kianglikana iliyoitwa U.M.C.A., waliwasili Unguja. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliotwaliwa kutoka majahazi ya watumwa. Watoto hao walitoka makabila mbalimbali ya bara, na lugha zao hazikuwa moja. Hivyo Kiswahili kikawa lugha ya masomo yao, na hatimaye lugha ya sala zao.

Maneno ya ibada hayakuhitaji kubuniwa yote. Waislamu wa pwani walikuwa na neno "sala", lenye asili ya Kiarabu, kwa ibada yenye nyakati na taratibu zake. Na neno "kuomba", la Kibantu, lilikuwa la kila mwenye haja. Wakristo waliyatwaa yote mawili, nayo yakadhihirisha pande mbili za jambo moja. Sala ni utaratibu wa watu wakutanao asubuhi na jioni. Tena ni haja ya moyo wa mtu mbele ya Mungu. Wala haja hiyo si ya kupewa tu, kwani katika utaratibu ule zimo pia sifa, shukrani, toba na kuwaombea wengine.

Neno zito kuliko yote lilikuwa "Bwana". Mtumwa alimwita hivyo mtu aliyemmiliki. Sasa alifundishwa kumwita Mungu kwa neno lilo hilo. Lakini sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake huanza kwa kumtaja Baba. Kwa mtoto aliyenyang'anywa wazazi wake, hiyo haikuwa tofauti ya sarufi tu. Mtumwa hungoja amri. Mwana husema na baba yake, naye husikilizwa.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, katika enzi ya Sultani Barghash, na tarehe 25 Desemba mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa mahali pale pale. Steere, aliyepata uaskofu mwaka wa 1874, alizikwa humo mwaka wa 1882. Hata hivyo, hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria za Unguja mpaka mwaka wa 1897. Kwa miaka mingi, basi, neno "Bwana" lilitamkwa ndani ya kanisa kwa maana moja, na nje ya mlango wake kwa maana nyingine.