Uzamili: Msimamizi kwanza, jina la chuo baadaye

Mhitimu wa shahada ya kwanza anayenuia kuendelea na masomo huanza, aghalabu, kwa kuuliza ni chuo kipi chenye sifa. Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. La kwanza ni nani atakayemsimamia katika utafiti, na la pili ni nani atakayelipa karo.

Katika vyuo vikuu vya Kenya, shahada ya uzamili hupangiwa kwa kawaida miaka miwili: mmoja wa mihadhara na mitihani, mwingine wa utafiti na tasnifu. Wengi huvuka mwaka wa kwanza salama, wakakwama katika wa pili kwa sababu msimamizi amelemewa na wanafunzi, au kwa kuwa mada waliyoteua haina mtaalamu idarani.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma maombi, inafaa mhitimu asome makala zilizochapishwa na wahadhiri wa idara husika. Isitoshe, awadadisi waliotangulia: walifuzu baada ya muda gani? Rasimu zao zilirudishwa baada ya majuma mangapi?

Jambo la pili ni idhini. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) huidhinisha vyuo na pia kozi zao. Chuo kuwa na idhini si hakikisho kuwa kila kozi yake inayo.

Kuhusu sifa za kujiunga, vyuo vingi nchini hudai angalau daraja la pili la juu. Aliyepata daraja la pili la chini huenda akatakiwa kuwa na tajriba ya kazi, hivyo si lazima akate tamaa.

Gharama nayo huhitaji hesabu ya makini. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipandisha karo za uzamili, na hilo ni funzo kuwa ada ya jana si kipimo cha ya kesho. Aidha, aliyesomea shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hutarajiwa kuanza kuulipa katika muda wa mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Kukopa tena ni kubeba mzigo juu ya mzigo.

Wanaolenga ng'ambo wana njia mbalimbali. Nchini Uingereza, uzamili huchukua kwa kawaida mwaka mmoja. Ufadhili wa Chevening huko hudai tajriba ya kazi ya miaka miwili, na mfadhiliwa sharti arejee kwao kwa miaka miwili. Nchini Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini mwanafunzi huthibitisha kuwa ana fedha za kujikimu. Nchini Marekani, vyuo kadhaa humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja katika uzamifu na kumlipia karo, naye akifundisha au kusaidia katika utafiti. Uzamili wenyewe huko mara nyingi hulipiwa na mwanafunzi.

Asiye na jibu kuhusu msimamizi na karo afadhali afanye kazi mwaka mmoja au miwili kwanza. Tajriba hiyo haipotei, ilhali tasnifu iliyoachwa katikati huacha deni bila shahada.