Riwaya ya upelelezi haikujengwa na mtu mmoja

TULIPOKUWA wanafunzi katika shule ya bweni, riwaya moja ya Ben Mtobwa ilizunguka kutoka kitanda hadi kitanda. Ilipotufikia sisi wa kidato cha pili, haikuwa na jalada na, jambo baya zaidi, haikuwa na kurasa za mwisho. Joram Kiango tulimwacha palepale hatarini. Basi taa zikizimwa tulikuwa tunabishana gizani. Huyu anasema msaliti ni fulani. Yule anamkata kauli, “Wewe, hukuona alivyosema kule mwanzo?” Mwingine anakumbuka dalili ambayo sote tuliipita. Kabla ya usingizi kutuchukua, tulikuwa tumeumaliza mkasa ule kwa njia nne au tano, na kila njia ilikuwa na mashiko yake.

Nilikikumbuka kisa hicho juzi baada ya kijana mmoja anayeandika riwaya ya upelelezi kuniambia kwamba mswada wake hajamwonyesha mtu. “Mwalimu, nikiuonyesha wataniibia,” akasema. Kijana huyu ana wafuasi mitandaoni. Huko huweka vipande vya sura za kwanza na kupokea pongezi. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyeusoma mswada huo mpaka mwisho. Nilitaka kumjibu papo hapo, nikaona jibu ni refu. Ni historia nzima.

Tuanzie London. Mwaka 1928 mwandishi Anthony Berkeley alianza kuwaalika waandishi wenzake wa riwaya za upelelezi kwa chakula cha jioni. Kutokana na karamu hizo, mwaka 1930 kikazaliwa chama kilichoitwa Detection Club, rais wake wa kwanza akiwa G. K. Chesterton. Agatha Christie na Dorothy L. Sayers walikuwemo. Mwanachama mpya alikula kiapo mbele ya fuvu la kichwa cha mtu. Ulikuwa mzaha, ndiyo, lakini mzaha wenye maana. Aliapa kwamba mpelelezi wake atafumbua fumbo kwa akili zake, wala si kwa ufunuo wa mbinguni au kwa bahati tu, na kwamba hatamficha msomaji dalili yoyote muhimu.

Kwa nini watu wazima, tena mashuhuri, wale kiapo kama watoto wanaocheza? Kwa sababu riwaya ya upelelezi ina tatizo lake la pekee. Mwandishi wa riwaya ya mapenzi anaweza kuisoma kazi yake mwenyewe akajua kama inagusa moyo. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi hawezi kujipima hivyo, kwa maana yeye anamjua mhalifu tangu ukurasa wa kwanza. Hajui kama dalili alizozitega ziko wazi mno au zimefichwa mno. Anahitaji jicho la mtu asiyejua. Bila jicho hilo, anaandika gizani.

Mwaka 1931 wanachama wa kundi hilo walifanya jambo ambalo ningependa kila mwandishi wetu chipukizi alijue. Waliandika riwaya moja kwa pamoja, The Floating Admiral. Kila mmoja aliandika sura yake na kumpokeza mwenzake kijiti, bila kumwambia anamshuku nani. Sharti lilikuwa moja: kila aandikaye awe na ufumbuzi wake kamili kichwani, asije akarundika mafumbo kwa raha zake na kuwaachia wengine taabu ya kuyafumbua. Suluhisho zao zilichapishwa mwishoni mwa kitabu, na zilitofautiana. Maiti ni ileile, mashua ni ileile, lakini kila mwandishi alifika kwake. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hapo ndipo hofu ya yule kijana inapoanza kupungua uzito.

Nchini Marekani haja ilikuwa nyingine. Mwaka 1945 waandishi wa huko waliunda Mystery Writers of America. Kuna msemo wa Kiingereza kwamba uhalifu haulipi. Wao waliukubali, kisha wakaongeza neno: haulipi vya kutosha! Wakaufanya kaulimbiu yao. Walikuwa wanacheka, lakini walimaanisha mikataba, mirabaha na heshima ya kazi yao. Mwaka 1953, John Creasey, aliyeandika mamia ya vitabu kwa majina mengi ya kubuni, alianzisha chama kama hicho Uingereza.

Hata ndani ya umoja, hata hivyo, kuna wanaoachwa mlangoni. Mwaka 1986, kwenye kongamano la wapenzi wa riwaya za uhalifu mjini Baltimore, Sara Paretsky aliwakusanya waandishi wanawake waliokuwa na lalamiko moja: wanaandika, wanachapishwa, lakini magazeti hayahakiki vitabu vyao kama yanavyohakiki vya wanaume. Hapo ndipo ulipochipuka umoja wa Sisters in Crime. Kilichonivutia ni mbinu yao. Hawakuishia kulalama. Waligawana magazeti, wakaketi kuhesabu: vitabu vya wanaume vilivyohakikiwa ni vingapi, vya wanawake ni vingapi. Walikusanya ushahidi kama wapelelezi wao wa kubuni wanavyofanya, kisha wakauweka mezani.

Halafu ikaja intaneti. Mwaka 1991, wakati wengi wetu hatujalisikia hata hilo neno, wakutubi wawili wa Chuo Kikuu cha Kent State katika jimbo la Ohio walianzisha kundi la barua pepe kwa wapenzi wa riwaya za upelelezi. Walilipa jina DorothyL, kwa heshima ya Dorothy L. Sayers. Ulituma barua moja, ikawafikia wanachama wote. Mwandishi aliyekaa kijiji cha mbali akajikuta meza moja na msomaji, mkutubi na muuza vitabu. Tena wenyeji walitambua mapema kwamba mwandishi akiachiwa uwanja atajinadi kutwa kucha, kwa hivyo kujitangaza kukawekewa mipaka. Chumba cha London kilikuwa kimegeuka kuwa chumba kisicho na kuta, lakini adabu ya chumba ilibaki.

Je, sisi wa Kiswahili tulikuwa wapi muda huo wote? Vipaji havikutuadimika. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Humo watu wanaamini kwamba kifo kimeletwa na mzimu. Bwana Msa, na kiko chake, anaonyesha kwamba ni mkono wa binadamu. Tazama basi: kiapo cha London kilikataza kufumbua fumbo kwa nguvu za kimiujiza, na bwana huyu wa Unguja, ambaye hakuwahi kuapa mbele ya fuvu lolote, aliitimiza kanuni hiyohiyo. Baadaye Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974.

Tulichokosa ni chumba cha kukutania. Shirika lile la vitabu, lililokuwa na makao yake Nairobi, lilikuwa angalau mlango mmoja ambao mwandishi wa Unguja, wa Dar es Salaam na wa Nairobi aliweza kuubisha. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika likaenda nayo. Tawi la huku likawa Kenya Literature Bureau. Mwaka huohuo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Kitabu cha Dar kikawa bidhaa ya magendo, na uhaba wa karatasi nao ukazidisha taabu.

Waandishi hawakukata tamaa. Musiba alianzisha kampuni yake ya uchapishaji. Mtobwa akaanzisha Heko. Ushujaa huo tuusifu. Lakini tuangalie ulivyokuwa mzigo: mtu mmoja ndiye mwandishi, ndiye mhariri, ndiye mchapishaji, na pengine ndiye anayebeba katoni kupeleka dukani. Vyama vya Kiswahili tulikuwa navyo na bado tunavyo, ila vimeshughulika zaidi na sarufi, ushairi na ufundishaji. Sisi wasomi nasi tukaipachika riwaya hii jina la “riwaya pendwa” na kuiweka kando, kana kwamba kupendwa na wasomaji ni kosa. Kwa hiyo mwandishi wa upelelezi hakuwa na wenzake wa kumkosoa wala mhakiki wa kumshika mkono. Mtobwa alipofariki mwaka 2008, riwaya zake zilikuwa na bahati ya kuchapishwa upya hapa Nairobi. Ni wangapi wa enzi yake ambao vitabu vyao vimebaki kama kile chetu cha bwenini, bila jalada na bila mwisho?

Leo chumba kimepatikana, na kipo kiganjani. Tangu simu za kisasa zienee, riwaya za upelelezi za Kiswahili zimefufukia mitandaoni. Mwandishi anaweka sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Msomaji anayetaka kujua mwisho anatuma pesa kwa simu. Huko Tanzania waandishi wamekwenda hatua moja zaidi na kuunda UWARIDI, yaani Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, ambamo Hussein Tuwa, mtunzi wa Mkimbizi na Mfadhili, amekuwa mmoja wa viongozi. Hapa kwetu Kenya waandishi wa aina hii wapo, ila wametawanyika kama mbegu za mbaruti.

Neno lenyewe “mtandao” lina nasaba moja na kutanda, kutandaa na utando. Lugha inatuonya hapo. Kitu kinaweza kutandaa bila kushikamana. Wafuasi elfu tano wanaoandika “endelea mkuu, tunasubiri” wametandaa tu. Hawakuambii kwamba mlinzi uliyemuua sura ya nne amefungua lango sura ya tisa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mitandao imejaa sifa. Utando wa buibui hunasa kwa sababu nyuzi zake zimefungana.

Narudi kwa kijana wangu na hofu yake ya kuibiwa. Sitamdanganya: wizi upo. Hadithi hunakiliwa, jina la mwandishi likafutwa, ikasambazwa kana kwamba haina mwenyewe. Lakini angalia kinachoibwa. Ni kile kilichowekwa hadharani, mbele ya watu asiowajua, tena ndicho yeye anachokiweka kila wiki bila wasiwasi! Mswada uliosomwa na wenzake watano wanaojulikana kwa majina una mashahidi watano, na barua pepe zenye tarehe. Akitaka kinga zaidi, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ipo. Na kuhusu wazo lenyewe kuibwa, wale wa mwaka 1931 walipeana kisa kimoja kwa hiari yao, na bado kila mmoja akatoka na mwisho wake.

Kwa hivyo ushauri wangu kwake, na kwa wengine walio kama yeye, ni mdogo. Tafuteni wenzenu wachache mitandaoni, hata kama mmoja yuko Garissa, mwingine Mombasa na mwingine Kigoma. Wekeaneni masharti: asomewaye naye asome, na kujinadi kuwe na siku yake. Kisha kila mmoja awape wenzake mswada wake wote isipokuwa sura ya mwisho, awaulize, “Mnamshuku nani, na kwa nini?” Wakimtaja mhalifu wote kwa pamoja, fumbo ni jepesi. Asipotajwa na yeyote, hata baada ya kuambiwa wakisema hawaoni dalili, basi msomaji amedhulumiwa. Wakigawanyika na kubishana mpaka usiku wa manane, kazi imeiva.

Ndivyo tulivyofanya sisi gizani bila kujua, kwa kitabu kilichokuwa kimepotelewa na kurasa zake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kijana amekubali kuwatumia watu watatu mswada wake mwezi huu, na mmoja wao ni mimi. Sura ya mwisho nimemwambia abaki nayo kwanza.