Pikipiki haijafa, ina baridi tu

Naomba radhi kwa kimya cha muda mrefu. Kazi za huku mnazijua: ukipata muda huna nguvu, ukipata nguvu huna muda. Leo nimepata vyote viwili, na kilichonifanya niandike ni simu ya mdogo wangu.

Alinipigia saa kumi na moja alfajiri kwa saa za huku, kwenu ilikuwa saa moja asubuhi. "Kaka, pikipiki imekufa." Alikuwa anapiga kiki tangu giza, na abiria wake wa stendi wameshachukuliwa na wenzake. Fundi alimwambia injini ifunguliwe yote, shilingi laki tatu na nusu. Na mnajua deni la ile pikipiki bado lina miezi minne. Nikamwuliza swali moja tu: mchana inakuwaje? Akasema, "Mchana inawaka kiki moja." Basi moyo ukatulia. Kitu kilichokufa hakifufuki kila siku saa sita mchana.

Nasema hivi kwa sababu na mimi yalinikuta hapa Birmingham. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua Honda CG125 kuukuu, ya kiki, ya kwendea zamu ya alfajiri. Asubuhi moja, nyuzi 4 chini ya sifuri, nilipiga kiki mpaka jasho likanitoka ndani ya koti. Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ujanani mwake kwenye kiwanda cha BSA pale Small Heath, akatoka na kikombe chake cha chai. Akasukuma kijiti kidogo pembeni ya kabureta, akaniambia nipige tena. Ikawaka. Kijiti hicho ndicho choki. Yule mzee akaniambia injini ya baridi si mgonjwa, ina njaa.

Njaa ya nini? Ya petroli. Petroli ikiwa maji haiwaki vizuri ndani ya silinda, kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Gramu 1 ya petroli inahitaji kama gramu 14.7 za hewa. Injini ikiwa ya moto, karibu petroli yote inageuka mvuke. Ikiwa baridi, kiasi kidogo tu kinageuka, nyingine inabaki matone yanayonata kwenye kuta za njia ya kuingilia. Plagi inatoa cheche, lakini mbele yake kuna hewa tupu. Dawa ni kuzidisha petroli au kupunguza hewa kwa muda mfupi, mpaka injini ipate joto. Watu wamehangaika na jambo hilo kwa miaka zaidi ya 100.

Mwaka 1885 Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walitengeneza chombo cha mbao cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli. Plagi haikuwepo. Moto uliwashwa na mrija uliopashwa na taa ndogo, kwa hiyo kabla ya kuwasha injini ulitakiwa kwanza uwashe taa na usubiri! Mwaka 1894 kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya Munich ilianza kuuza pikipiki kwa wingi, nayo ilitumia mrija wa moto, na petroli ilitoa mvuke kwa hewa kupita juu yake tu. Kiki hakuna. Dereva aliisukuma akikimbia, kisha akairukia. Wale mnaosukuma pikipiki kwenye mteremko wa stendi, jueni mnaendeleza mila ya zamani sana.

Hatua kubwa ilitoka kwa huyo huyo Maybach, mwaka 1893, alipobuni kabureta inayonyunyiza petroli kupitia kitundu chembamba. Hiyo ndiyo bibi wa kabureta zote mnazozijua. Kiki nayo ililetwa na Mwingereza Alfred Angas Scott, aliyeanza kuuza pikipiki zake mwaka 1908.

Halafu ikaja zamu ya mji huu ninaoishi. Mwaka 1927 watengenezaji watatu wa kabureta Uingereza waliungana wakaitwa Amal, kiwanda kikawa hapa Birmingham. Kabureta za Amal zilifungwa kwenye BSA, Triumph na Norton. Nyingi zilikuwa na kibonye juu ya bakuli la petroli. Ukikibonyeza, boya linazama, petroli inajaa mpaka inamwagika, ndipo unapiga kiki. Jirani yangu anasema ujanani mwake ulimtambua mwenye pikipiki kwa harufu ya glavu zake.

Na stata ya umeme je? Indian ya Marekani ilijaribu mapema kabisa, mwaka 1914, lakini betri za wakati ule hazikuiweza kazi hiyo, wakaacha. Waliofanikiwa kuieneza ni Wajapani. Honda walitoa Super Cub mwaka 1958, na mwaka 1960 ikaja yenye stata. Mwaka 1969 wakatoa CB750, pikipiki kubwa ya silinda nne inayowaka kwa kidole, wakati pikipiki kubwa za Uingereza bado zilitaka mguu wenye nguvu. Triumph ya silinda mbili ilipata stata mwaka 1980. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1970 kiwanda cha Small Heath kilikuwa kimeshakwisha. Sababu zilikuwa nyingi, madeni na uongozi mbaya zikiwemo, lakini mzee huwa anasema kwa uchungu, "Tuliwadharau wateja waliochoka kupiga kiki." Alipoteza kazi yake humo.

Mwaka 1976 Honda walianza kuuza CG125, injini nyepesi waliyoibuni wakifikiria nchi zenye barabara mbaya na watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Sisi hasa! Wachina wakaiiga, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa kwetu zina injini ya ukoo huo. Kwa hiyo pikipiki yangu ya Birmingham na ya mdogo wangu ya Njombe ni mtu na binamu yake.

Huku sheria za moshi zimeiondoa kabureta. Tangu kiwango cha Ulaya cha mwaka 2016, karibu kila pikipiki mpya ya barabarani inatumia kompyuta ndogo inayopima joto la injini na kuongeza petroli yenyewe. Vijana wa hapa hawaijui choki, na hawana haja nayo. Kwetu kabureta bado zipo tele, lakini ujuzi wake haukuja pamoja na pikipiki. Hilo ndilo linaloniuma, maana Njombe ya mwezi wa sita na wa saba si Dar.

Basi nikamwambia mdogo wangu, "Angalia choki." Akacheka. Aliyekuwa na pikipiki kabla yake alikivunja kile kijiti, akakifunga kwa mpira wa tyubu ili kisicheze. Kimefungwa upande wa hewa wazi! Nikamwambia afungue mpira, ageuze kwa koleo, awashe switchi, aache mafuta bila kuyavuta, apige kiki. Ya tatu ikawaka. Nilisikia mlio kwenye simu, nikajikuta nashangilia peke yangu jikoni.

Na wengine shikeni haya. Ikishawaka, iache kidogo, rudisha choki nusu, kisha yote ikianza kutulia. Usitembee nayo imefungwa, plagi itakuwa nyeusi na petroli itaosha oili kwenye silinda. Ukinusa petroli nyingi na haiwaki, imelewa: rudisha choki, vuta mafuta mpaka mwisho, piga kiki mara kadhaa, hewa itaikausha. Ikiendelea kusumbua, safisheni plagi, kichujio cha hewa na kile kitundu kidogo cha sailensa ndani ya kabureta, na mpime nafasi za valvu. Hayo yote ni kabla ya kufungua injini.

Laki tatu na nusu hazikuliwa na injini. Nimetuma, lakini zimeingia kwenye deni, sasa limebaki la miezi miwili. Choki mpya atanunua mwenyewe, nimemwambia.

Mzee jirani nimemsimulia kisa hiki. Akauliza Njombe ni wapi, nikamwonyesha kwenye ramani. Akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe na huko kuna baridi."

Haya ndugu zangu, msalimieni mama. Tutaonana Mungu akipenda.